Marlys Rundhaug, Aliyemuuliza Kila Mtu Anataka Nini

11 Machi 1948 – 27 Machi 2022

Marlys Joan Rundhaug, tunayemsindikiza leo Alhamisi tarehe 31 Machi 2022 katika Kanisa la Kilutheri la Hegland, aliacha masharti mawili kuhusu wasifu huu. Kwanza, usisomwe na mtu atakayelia. Ndiyo maana binti yake Solveig ameketi, na anayeusoma ni Karin, binti wa kaka yake, mwenye macho makavu na sauti ya kuitia ng'ombe. Pili, usiwe wa sifa tupu. "Ukimaliza kusoma na watu bado hawajui nilikuwa nataka nini," alimwambia Karin, "basi umemzika mtu mwingine." Kwa hiyo na tuanze, na kila mmoja wenu asikilize kwa makini, maana alichokitaka Marlys kipo humu ndani na kimekaa benchi la mbele kikiwa kimevaa tai.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 11 Machi 1948, katika shamba la wazazi wake, Arvid na Borghild Kvamme, kaskazini mwa Hegland, jimbo la Wisconsin. Theluji ilikuwa imefunga barabara, na daktari alipofika alimkuta mtoto ameshaoshwa, ameshafungwa blanketi na anapiga kelele za kudai haki zake. Mama yao alipenda kusema kwamba Roald, kaka yake, alizaliwa akiomba radhi, na Marlys alizaliwa akiuliza maswali. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo katika kanisa hili hili, na hapa hapa alipata kipaimara mwaka 1962.

Alisoma shule ya msingi ya Hegland, na ni huko alikomtengeneza mhusika wake wa kwanza. Ilikuwa igizo la Krismasi la mwaka 1956. Alipewa nafasi ya mke wa mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakuwa na neno hata moja la kusema. Mwenye nyumba alikuwa Harlan Moe, na kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kusema hakuna nafasi, na kufunga. Harlan akafungua, akasema, "Hakuna nafasi." Marlys akamsukuma pembeni, akashika kiuno.

"Nafasi ipo! Nimechoka kubeba ndoo peke yangu. Dada, ingia. Kesho utanisaidia kufua?"

Yule msichana aliyekuwa Mariamu, kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, akajibu, "Ndiyo, asante," akaingia. Yusufu akabaki nje na punda. Ilibidi mwalimu apande jukwaani amtoe Mariamu kwa mkono, ili Mwokozi azaliwe panapotakiwa. Alipoulizwa kwa nini amefanya vile, Marlys alisema yule mama hakuwa mtu, alikuwa kigingi cha mlango, na yeye asingeweza kusimama pale bila kujua anataka nini. Alimaliza sekondari mwaka 1966, akasoma ualimu kwa miaka miwili mjini La Crosse, kisha akarudi shambani baba yake alipoanguka kutoka darini na kuvunjika nyonga.

Mwezi Juni 1970 aliajiriwa na jimbo kuwa mtahini wa madereva, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2010. Nusu ya watu waliomo humu kanisani aliwafelisha yeye, na msijifanye hamkumbuki. Hakuwa mkali. Alikuwa anatazama. Alisema kumjua mtu usimsikilize anavyojieleza, mpe gari aegeshe kinyumenyume. Yupo atakayeimba kwa hofu, yupo atakayelaumu kioo, yupo atakayegonga nguzo halafu aiombe radhi. Marlys aliwapenda wote, akawabeba kichwani hadi nyumbani, na wengi wenu mlikuja kuwa wachawi, majitu na malkia bila kupewa taarifa.

Ni kazini alikokutana na Duane Rundhaug. Mwaka 1972 Duane alitaka leseni ya lori ili apeleke maziwa kwenye kiwanda cha jibini. Aliendesha vizuri mpaka njia panda, pale ambapo magari ya pande zote nne husimama na kupita kwa zamu. Duane akasimama. Akampungia mkono dereva wa kulia apite. Akampungia wa kushoto. Akampungia wa mbele.

"Bwana Rundhaug, unasubiri nini?"

"Nawapisha wenzangu."

"Wenzako wameshapita wote."

"Kuna mmoja anakuja, kule karibu na ghala."

"Yule ni ng'ombe, Bwana Rundhaug."

Alimfelisha. Akarudi, akafaulu. Kisha akarudi tena kutafuta leseni ya pikipiki, na baada ya hapo leseni ya basi. Marlys akaweka kalamu chini. "Huna pikipiki."

"Sina."

"Wala huna basi."

"Sina."

"Sasa wewe mwenzangu unataka nini?"

Duane akaitazama kofia yake. "Nilikuwa nadhani, kama huna shughuli, na kama haitakusumbua, na kama hakuna mwingine ambaye..."

"Jumamosi saa kumi na mbili," Marlys akasema. "Uje na gari, usije na basi."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975, hapa hapa mbele. Mchungaji alipouliza kama anamtaka Marlys awe mke wake, Duane alitikisa kichwa kukubali, na ikabidi aulizwe mara ya pili ili jibu lisikike. Walijaliwa mtoto mmoja, Solveig, aliyezaliwa mwaka 1979. Waliishi katika shamba la kina Rundhaug kwa upendo mwingi, na kwa karibu muda wote huo Marlys hakuwahi kumsikia mume wake akitamka neno "nataka". Ukimuuliza kahawa au chai, atasema iliyopo. Ukimuuliza kiti hiki au kile, atasimama. Ilimtia wazimu.

Majira ya baridi ya mwaka 1977, Roald alikuja kutoka kusini mwa jimbo na sanduku la mchezo uliokuwa umeanza kupendwa huko. Kwa mliotoka mbali, ni mchezo wa mezani. Kila mmoja anajibunia mtu wake, awe shujaa au mchawi au mwizi. Mmoja anasimulia dunia na hatari zake, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu linaamua kama wamefaulu. Roald akamsomea dada yake mhusika wake kwa fahari: ana nguvu, ana upanga, ana ngao.

"Enhe, halafu?" Marlys akauliza.

"Halafu nini? Ndiyo huyo."

"Anataka nini?"

"Anataka kupigana."

"Hata jogoo anataka kupigana. Mama yake anamwitaje? Anaogopa nini ambacho anaona haya kukisema? Na leo nani amemwekea chakula cha jioni?"

Roald akageuza karatasi akaanza kuandika upya, na dunia ikafunguka! Tangu wiki ile, kila Alhamisi, meza ilitandikwa katika chumba cha chini cha nyumba ya kina Rundhaug. Walikuja Roald, na LaVonne Stuhr aliyekuwa akisambaza barua, na Lowell Amundson, huyu huyu anayesimamia mazishi ya leo, ambaye kwa sababu ya kazi yake alipenda wahusika wasiokufa. Marlys alisimulia, na kabla dadu halijaguswa, kila mhusika alipitishwa kwenye maswali yake matatu. Unataka nini? Unaogopa nini cha kukuaibisha? Nani anakusubiri chakula cha jioni?

Wageni waliokuja kujiunga wakati mwingine walileta wahusika ambao wazazi wao wote waliuawa na joka. Hapo Marlys alikuwa anapandisha mori. "Mayatima wa dunia nzima wamehamia chumbani kwangu! Hakuna hata mmoja mwenye shangazi?" Akawapa shangazi. Akawapa deni la kanisa, mguu unaouma mvua ikikaribia, mdogo mtu anayewatia aibu. Alitengeneza jitu lililotaka kujifunza kunong'ona. Alitengeneza malkia aliyeuza taji akanunua ng'ombe wa maziwa na hakujuta. Alitengeneza mwizi hodari kuliko wote, asiyeogopa upanga wala mizimu, lakini akimwona bata bukini, mwizi mwenyewe anapanda mti. Na huyo mwizi alikuwa Marlys mwenyewe, maana mtu asidanganywe, bukini walimtoa mbio mpaka uzeeni.

Ilikuwepo desturi pia. Mhusika akifa, mwenye mhusika alitakiwa aandike wasifu wake na kuusoma Alhamisi inayofuata amesimama, kisha watu wale mikate ya nyama ya nguruwe. Marlys alisema mtu aliyetaka kitu kwa moyo wote hazikwi kwa kufuta jina kwa kifutio.

Kuhusu pango la mchezoni la mwaka 1983, familia imejadili kama lisemwe hapa, na imeamua lisemwe. Mashujaa walikuwa wamepigwa sumu, wote watatu, na juu ya meza ya jiwe palikuwa na kikombe chenye funda moja tu la dawa. Mtu mmoja angepona, angewabeba wenzake nje.

"LaVonne, kunywa wewe," Roald akasema.

"Ah, mimi mbona sijambo." Alikuwa amebakiza uhai wa dakika chache.

"Basi Lowell."

"Siwezi kuchukua la mwisho, jamani. Tukigawane."

Wakakigawa nusu. Nusu ikabaki, hakuna aliyeitaka, wakaigawa nusu tena. Mnajua kinachotokea kwa keki ya mwisho kwenye sinia, hapo chini ukumbini, inavyokatwa na kukatwa mpaka inabaki chembe ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuila. Wakafa wote, na dawa ikabaki kikombeni.

"Mmekufa kwa adabu!" Marlys akapiga kelele. "Watu niliowapenda! Mmewaua kwa adabu!" Na hakuwa anatania. Alipanda juu, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Huko juu alimkuta Duane, anapasha kahawa. Na hapa ndipo tunafika kwenye sharti la pili la Marlys. Kila Alhamisi, akishamaliza kukamua, Duane aliteremka na sinia la kahawa, akasimama ngazi ya tatu kutoka chini, akasikiliza. Kila Alhamisi palikuwa na kiti kitupu mezani, na Marlys alimwambia, "Duane, kaa basi tukutengenezee mtu."

"Hapana, asante. Niko sawa hapa."

Hicho ndicho Marlys alichokitaka. Amewapa watu wa Hegland mamia ya wahusika, na mmoja tu alimshinda: yule aliyesimama kwenye ngazi. Alitaka Duane aketi, atake kitu, akiseme kwa sauti. Hakutaka dhahabu wala safari. Alitaka hilo, na miaka ilipita.

Mwezi Oktoba 2021 Marlys alianza kupungua uzito, na ikagundulika ana saratani ya kongosho. Alipata matibabu majira yote ya baridi na Alhamisi aliendelea kusimulia, safari nyingine akiwa amejifunga shali mbili. Mwishoni mwa Februari, hospitalini, daktari alieleza kwa upole kwamba ipo dawa nyingine ya kujaribu, nzito, na matumaini yake ni madogo. Au anaweza kurudi nyumbani. Akamuuliza, "Mama Rundhaug, wewe unataka nini?"

Na Marlys, Marlys yule aliyemuuliza kila mtu, akakunja shuka na kusema, "Oh, lolote litakalowafaa wengine. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Roald alitazama dirisha. Karin alitaka kupiga kelele. Duane akaweka kofia sakafuni, akavuta kiti chake mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Tutengeneze mtu," akasema.

"Duane, sasa hivi?"

"Jina lake Marlys. Mtahini wa madereva, mstaafu. Anaogopa bata bukini."

"Duane! Daktari anasikia."

"Anataka nini?"

"Anataka mume wake asichoke."

"Hilo ni la mume. Usinipe anachowatakia wengine, nipe cha kwake. Ulimwambia LaVonne maneno hayo hayo, habari za mhusika wake yule mganga. Nilikuwa kwenye ngazi."

Marlys akamwangalia kama anayeona mtu aliyemsubiri miaka akishuka kwenye basi. "Ulikuwa unasikiliza?"

"Kila Alhamisi. Anataka nini, Marlys?"

Akalia kwanza. Kisha akasema, haraka haraka, "Anataka nyumbani. Anataka meza yake. Anataka lefse, ile chapati ya viazi, moto, yenye siagi mpaka imchuruzike kwenye kiwiko, na mtu yeyote asimwambie habari za afya."

"Swali la tatu siulizi," Duane akasema. "Anayemsubiri chakula cha jioni namjua."

Daktari alisema yote hayo yanawezekana, na akatoka nje kidogo.

Alhamisi, tarehe 24 Machi, baada ya chakula cha mchana, walimshusha Marlys chumba cha chini kwa kiti. Karin alikaa karibu yake kumrushia dadu, maana mikono ilikuwa imelegea, ila sauti ilikuwepo. Roald alikuwepo, LaVonne alikuwepo, Lowell alikuwepo. Duane akateremka na sinia la kahawa. Akapita ngazi ya tatu. Akaweka sinia mezani, akavuta kile kiti, akaketi.



"Unahitaji kitu, Duane?" Marlys akauliza, polepole kabisa.

"Nataka mtu."

Uf-da, kama walivyoshangaa wazee wetu kwa Kinorwe! LaVonne alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Mtu wa Duane aliitwa Halvor, mfuga mbuzi. Anaogopa nini? Kusumbua watu. Nani anamsubiri chakula cha jioni? "Mkewe," Duane akasema. "Mwanamke mzuri sana, ila ana mdomo." Na anataka nini? "Anataka kufika nyumbani chakula kikiwa bado moto."

Marlys akawachukua wote wanne, akawapitisha mlimani, akawaingiza pangoni. Lile lile. Meza ile ile ya jiwe, sumu ile ile, na kikombe kile kile, kina vumbi la miaka, na funda moja ndani. Akawatazama mmoja mmoja.

"Duane, kunywa wewe," Roald akasema. "Wewe ni mgeni."

"Au tukigawane," Lowell akasema, na aibu ikamshika papo hapo.

Duane aliitazama meza. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nipeni," akasema. "Nakitaka mimi."

Meza ililipuka! Lowell Amundson, mtu ambaye hamjawahi kumsikia akipandisha sauti tangu achukue kazi ya baba yake, alipiga ngumi na kahawa ikamwagika mpaka kwenye suruali ya Roald. LaVonne alikuwa amesimama juu ya kiti. Marlys alikuwa anacheka na kulia, hakuna aliyejua ni kipi zaidi.

"Rudia," akasema.

"Nakitaka mimi. Nataka kwenda nyumbani."

"Basi Halvor anakunywa," Marlys akasema. "Anatoka pangoni. Kazi ya kubeba wenzake?" Dadu likasema hapana, mlima ulikuwa mrefu mno. "Wenzake wanamwambia nenda, nenda. Anashuka. Anaona taa ya jikoni. Anafungua mlango, na chakula bado ni moto."

Huo ukawa mwisho wa simulizi zake. Wahusika wa Roald, LaVonne na Lowell walikufa pale pangoni, na hawajawahi kufa kwa furaha kiasi kile. Marlys alifariki Jumapili, tarehe 27 Machi 2022, asubuhi, nyumbani kwake, Duane akiwa amemshika mkono. Lefse alikuwa amekula siku ya Ijumaa, na siagi ilimchuruzika.

Kwa desturi yake, leo Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kusoma wasifu wa wahusika watatu waliokufa pangoni. Wamekubali kumpisha, na safari hii adabu yao imeruhusiwa.

Marlys ametanguliwa na wazazi wake, Arvid na Borghild. Ameacha kaka, Roald. Binti, Solveig, na mkwewe Peder. Wajukuu wawili, Britta na Soren. Karin, binti wa kaka yake. Meza moja na viti vyake. Na bukini wa ziwa la Hegland, ambao wanaweza sasa kupumua. Ameacha mume, Duane, ambaye juzi mchungaji alimuuliza anataka wimbo gani kati ya minne iliyopendekezwa. Hakusema "wowote tu". Alisema, "Nataka yote minne," na ndiyo maana ibada hii ni ndefu.

Tukitoka makaburini, wote mnakaribishwa chini ukumbini kwa kahawa, mikate ya nyama na keki za sinia. Familia inaomba jambo moja: kipande cha mwisho kisikatwe. Duane ameshasema anakitaka.

Umefika nyumbani, Marlys. Kaa, upumzike, na amani ya Bwana ikuandalie meza.